Pandia Mume, Shukia Mke

Kwa Ndugu Mkuu wa Idara ya Njia za Milimani,

…na ndiyo maana nilikuwa bado nimeshika kitasa cha gari lako dereva alipoliondoa. Sikukusudia kulikimbilia mpaka kwenye kona. Miguu yenyewe ndiyo ilikwenda, maana tangu Jumamosi ile imezoea kumfuata mtu asiyefikika. Kwa kuwa kioo kilipanda kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, naona niendelee hapa kwa maandishi, kwa heshima zote, na kwa mwandiko ambao mwalimu wangu wa Kiswahili aliusifia hadi kidato cha nne.

Nilikuwa nimefika pale ninaposema kwamba nimeolewa. Nimeolewa, Ndugu Mkuu! Hata mwezi haujatimia. Kila asubuhi naamka namkuta mtu mzima kando yangu, amelala mdomo wazi, nasema moyoni: kumbe huyu ni wangu, na hakuna atakayekuja kumdai. Mume wangu ni fundi viatu. Meza yake ilikuwa (angalia, nimesema ilikuwa) pale langoni pa njia yako ya milima miwili, upande wa kushoto ukiingia, chini ya mwavuli wa buluu uliotoboka mahali pamoja tu. Hapo ndipo tulipojuana. Mimi nauza mapazia katika duka la mjomba wangu, na siku moja wauza duka wa mtaa wetu tulikwenda kupanda mlima, soli ya kiatu changu ikafumuka hata sijavuka lango. Aliishika ile soli kama mtu aliyeshika kifaranga. Akasema, "Dada, kiatu hiki hakijafa, kimechoka tu." Wewe ungefanya nini? Mimi wiki iliyofuata niliifumua ya pili kwa makusudi.

Sasa, kwa kuwa wewe ni mkubwa wa ofisi na huenda hujapata nafasi ya kuiona milima yenyewe, nikueleze ilivyo. Ni milima miwili jirani. Mmoja watu huuita Mume, mwingine Mke, na katikati yao kuna bonde jembamba la juu kwa juu linaloitwa Kiuno. Njia huanza langoni, hupanda Mume, huteremka Kiunoni, hupanda Mke, kisha hushuka mpaka lango lile lile. Ni mduara. Zamani kila mtu alizunguka upande autakao. Waliopandia huku wakakutana Kiunoni na waliopandia kule, wakasalimiana, wakapeana machungwa na habari za mvua. Kisha idara yako ikaweka mishale kwenye mawe, na langoni ikasimamisha kibao: PANDIA MUME, SHUKIA MKE. USIRUDI NYUMA. Chini yake, kwa herufi ndogo: KIUNONI USISIMAME. Vijana wakipita hapo hucheka. Sisemi wanacheka nini, mimi ni mke wa mtu.

Wenye nafasi huenda fungate mahali penye mashuka meupe na mtu wa kukuletea matunda. Sisi tulijipa siku moja, Jumamosi, tukazunguke milima miwili pamoja. Tulidhani neno "pamoja" halina upinzani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu mshale. Tulipanda Mume tukiwa tumeshikana mikono, jambo ambalo siwashauri wengine, kwa sababu njia ni nyembamba na lazima mmoja atembee kwenye miiba. Alitembea yeye. Kileleni tulikaa juu ya jiwe tukanywa chai kutoka kwenye chupa ya chai yenye maua tuliyopewa na shangazi yangu. Shangazi huyo akitoa zawadi, huja kuitembelea. Tulitazamana mpaka chai ikapoa, tukacheka, tukateremka. Kiunoni ndipo nilipogundua kwamba mkononi nina kifuniko, kile kinachotumika pia kama kikombe, lakini chupa yenyewe haipo. Tulipogeuka tuliiona kule juu, imetulia kwenye jiwe letu, maua yake mekundu yanameta kama inatuita. Mume wangu akasema, "Nisubiri hapa hapa, mpenzi, hata kivuli chako kisisogee." Akaanza kupanda kuirudia.

Hakuwa amefika mbali mlinzi wako wa Kiunoni alipotoka kibandani akifunga mkanda, akapuliza filimbi hadi ndege wakahama mlima. Akanieleza kwamba mtu akipiga hatua kinyume cha mshale, safari yake imefutika, na lazima akaanze upya langoni. Nikamwonyesha chupa. Nikamwonyesha mume. Nikamwambia tumeoana juzi. Akanijibu, tena kwa upole wa kweli, "Shemeji, mimi pia nina mke, sijamwona tangu alfajiri. Mbona sijafa?"

2. Kuhusu adhabu ya kurudi nyuma, ambayo ni kurudishwa nyuma. Naomba usome sentensi hiyo polepole kama nilivyolazimika kuiishi. Mume wangu alikamatwa kwa kosa la kurudi nyuma hatua chache. Ili kumfundisha, walinzi wengine wawili walimrudisha nyuma njia nzima, wakavuka naye kilele cha Mume, wakateremka naye hadi langoni, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakipishana na kila mshale ulioupaka rangi. Kama kurudi nyuma ni kosa, basi siku ile walilitenda watu watatu, na wawili kati yao walikuwa kazini. Walipopita kwenye jiwe letu waliibeba na chupa, eti ni ushahidi.

Mimi nikabaki Kiunoni na kifuniko changu. Mlinzi akanionyesha maandishi: usisimame. Nikakaa chini. Hapo akatatizika kidogo, kwa sababu kibao kinakataza kusimama, hakisemi lolote juu ya kukaa. Akainua redio yake ya mkononi akaomba ufafanuzi. Tulisubiri pamoja muda mrefu, akanigawia karanga. Hatimaye redio ikakoroma, ikasema kwamba kukaa ni kusimama kwa mtu aliyechoka. Basi nikainuka, nikapanda mlima Mke peke yangu, mke juu ya Mke, nikilia kwa sauti ndogo ili nisije nikavunja kanuni nyingine.

3. Kuhusu mduara wenyewe. Wakati nimegoma Kiunoni, redio ilikuwa imetangaza hadi langoni kwamba bi harusi amekataa kuondoka. Mume wangu, kusikia hivyo, hakupumzika hata kidogo. Alianza upya kama alivyoamriwa, akapanda Mume mbio ili anifikie kihalali, kwa kufuata mshale. Laiti angejua kwamba ufafanuzi ulikuwa umekwisha kufika na mimi niko upande wa pili nashuka! Nilipofika langoni, mama anayelinda lango alijipiga paja akasema, "Jamani, mwanangu! Mumeo kapanda tena kukufuata wewe!" Nikataka kumkabili kwa njia niliyotokea, ya Mke. Haiwezekani, hiyo ni ya kushukia tu. Nikapanda Mume mara ya pili.

Jiografia nilipata alama nzuri. Mwalimu alitufundisha kwamba dunia ni duara, kwa hiyo aendaye hurudi. Hakutufundisha kwamba watu wawili wakizunguka duara moja, upande mmoja, kwa mwendo mmoja, hawakutani mpaka kiama. Hilo nililigundua mwenyewe, nikiwa napanda Mume, kisigino kikiwa kimetoka lengelenge. Nilipomsimulia mama mkwe alicheka hadi akavua miwani. Akasema, "Mwanangu, hiyo siyo njia ya mlimani, hiyo ndiyo ndoa yenyewe. Mimi na baba mkwe wako tumezunguka hivyo hivyo maisha yote. Akiingia jikoni, mimi nimeshatoka." Nampenda sana mama mkwe, lakini ndoa hiyo mimi siitaki. Zaidi ya yote sitaki iwekewe kibao na idara ya umma.

4. Kuhusu milima kukutana. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Ni methali ambayo kila mtu hapa nchini amewahi kuambiwa akiagana na mtu anayempenda. Nilipofika kilele cha Mume mara ya pili nilimwona mume wangu kilele cha Mke, mdogo kama sindano, lakini shati lile nalijua, nimelipiga pasi mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi mliyoifanya. Milima ilikuwa imekutana, bega kwa bega, imeunganishwa na njia safi yenye mishale, na binadamu tumesimama mmoja huku na mmoja kule, tunapungiana mikono kama watu wa nchi mbili. Idara nyingine hushindwa kuziba shimo la barabarani. Ya kwako imepindua methali.

Mume wangu akaweka viganja mdomoni akaita. Alichosema, kama alivyonieleza baadaye, ni "Usije! Nakuja mimi!" Lakini upepo wa pale una tabia ya kunyofoa silabi. Uliondoka na ile "si", mimi nikaletewa "Uje!" peke yake. Na mke akiitwa kwa sauti kama ile, huja. Nikateremka mbio. Yeye naye akawa anateremka mbio, uso kwa uso na mishale yako yote, na hivyo tukakutana Kiunoni, katikati kabisa, mahali pasiposimamwa, tukasimama.

Sitaeleza tulivyokumbatiana, kwa sababu barua hii itasomwa na karani kabla haijakufikia. Nitasema tu kwamba mlinzi alipuliza filimbi, akaipuliza tena, kisha akaitoa mdomoni akatazama mawingu. Lakini nataka ijulikane: ningemsikia vizuri ningemtii, ningebaki kileleni namsubiri, naye angekamatwa chini peke yake. Kilichotukutanisha siku ile si mpango wa idara. Ni hitilafu ya upepo.

5. Kuhusu meza. Hapa, Ndugu Mkuu, ndipo kicheko kinaponiishia. Kwa kwenda kinyume mara mbili na kusimama mara moja, mume wangu amekatazwa kuonekana langoni kwa mwaka mzima. Si kupanda mlima tu. Kuonekana. Na kwa kuwa meza yake iko langoni, nayo imehesabiwa kuwa inaonekana. Ilibebwa na mwavuli wake, na kile chuma chenye umbo la mguu ambacho baba yake alimwachia, na kopo la gundi, na droo ya meza iliyojaa misumari, vyote vikafungiwa stoo.

Tangu hapo anakaa ukingoni mwa kitanda chetu, akizungushia vidoleni sindano yake ya kushonea, ambayo kwa bahati ilikuwa mfukoni. Ameshona viatu vyote vya nyumba tunayopanga, hata vizima. Amemshonea mpangaji mwenzetu mkanda wa saa. Juzi nilimkuta anatafuta pa kushona kwenye ndala zangu za kuogea. Majirani wananiuliza, "Bwana yuko likizo?" Nawajibu ndiyo, ni fungate. Wanacheka, naye anacheka. Wakiondoka, anairudia sindano yake. Mtu niliyempenda kwa sababu alizungumza na soli, sasa hazungumzi hata na mimi ila niulize. Mimi ni muuza mapazia, na najua jambo moja: pazia lisilo na dirisha ni kitambaa tu. Fundi asiye na meza naye ni nini? Sitaki kulijua jibu, na mwezi wangu wa kwanza haujaisha.

6. Kuhusu chupa. Ushahidi ulihamishiwa kwenye vitu vilivyookotwa. Nikaenda kuuomba. Nikaelezwa kwamba mwenye kitu lazima akidai mahali kilipopotelea. Chupa yetu haikupotea, iliachwa, lakini tuseme ilipotea. Ilipotelea kilele cha Mume. Kwa hiyo nipande tena mpaka kileleni, nikaidai kwenye jiwe, nikijua kwamba jiwe halina chupa, kwa sababu chupa iko mezani kwa karani wako. Nimeiona kwa macho yangu. Ilikuwa inatoa mvuke, imefunikwa na kisahani kwa kuwa kifuniko ninacho mimi.

Sisemi karani ameiba. Nasema kisahani hakifuniki vizuri, chai inapoa, na mimi nayajua maumivu ya chai iliyopoa. Shangazi alikuja jana. Kabla hajakaa aliuliza, "Ile chupa yangu inahifadhi moto?" Nikamwambia inahifadhi sana. Sikusema uongo. Inahifadhi, ila si kwetu.

7. Kuhusu ofisi. Nilikuja kuyaeleza haya kwa mdomo kabla sijayaandika. Karani wako aliniambia mambo ya wafanyabiashara wa langoni ni ya Makamu. Karani wa Makamu akaniambia mambo ya waliovunja mshale ni ya Mkuu. Nikarudi kwako, nikaambiwa nisirudi, nianzie mapokezi. Mapokezi wakanielekeza kwa Mkuu, ambaye aliniambia, kupitia karani, nimwone Makamu.

Niligundua kwamba nawafahamu nyie wawili tayari. Mkuu na Makamu ni milima miwili jirani. Katikati yenu kuna ukumbi mwembamba wenye ubao wa kukalia uliong'arishwa na makalio ya wananchi, ndoo ya maji, na kalenda ya mwaka juzi. Na mlinzi akikukuta hapo hukuambia usisimame. Tofauti ni moja tu: kwenye milima ya kweli, mtu hufika kileleni. Nilimkuta bwana mmoja anayefuatilia ua wa shamba lake. Amezunguka kiasi kwamba mfagiaji humpisha bila kumtazama. Alinitazama miguuni akanihurumia. "Dada," alisema, "huku njoo na raba."

8. Kuhusu wewe mwenyewe. Nisamehe, lakini mume wangu alikuwa mezani kwake siku ya uzinduzi wa mishale, na meza yake ilikuwa na mwonekano mzuri, kama ilivyokwisha kuthibitishwa na idara. Alikuona ukikata utepe. Alikuona ukivuka lango, ukipiga hatua kadhaa juu ya mlima Mume, ukisimama, ukipigwa picha ukiwa umetazama mbali. Kisha, Ndugu Mkuu, ukageuka. Uligeuka kwenye njia ile ile, kinyume cha mshale ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi, ukatokea lango lile lile uliloingilia, ukaenda kwenye gari. Mtu wa kwanza kurudi nyuma katika historia ya njia hii ni wewe. Safari yako ilifutika tangu siku ile. Kwa kanuni zako, ulipaswa kuanza upya, na mpaka leo walinzi wanakusubiri.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo yote ni madogo ukilinganisha na milima.

Kwanza, mrudishie mume wangu meza yake, mwavuli, na chuma cha baba yake.

Pili, uondoe mshale, watu wazunguke watakavyo, wakutane. Kama mshale hauwezi kuondoka, basi itenganishwe milima. Mlima Mke usogezwe kidogo kando, kiasi cha kuifanya methali iwe kweli tena. Sina haraka, mnaweza kuanza baada ya mvua. Na kama hilo nalo limezidi uwezo wa idara, basi itolewe taarifa rasmi kwamba methali imefutwa, walimu waache kuifundisha, na watoto waimbishwe kwamba milima hukutana, binadamu hupungiana mikono.

Tatu, ikiwa mtaona mshale ni mzuri kweli, basi usiishie mlimani. Mema yasibaniwe. Uwekwe ofisini kwenu: atakayeingia kwa mlango mmoja asitoke kwa mlango huo huo. Uwekwe kwenye gari lako, ing'olewe gia ya kurudi nyuma, dereva akikosea kona azunguke nchi. Uwekwe nyumbani kwako. Ukitoka asubuhi ukakumbuka kwamba hujamuaga mkeo, usirudi. Mpungie kutoka mbali, kisha uzunguke mji mzima umkute jioni, kama naye hatakuwa ameanza upya kukutafuta. Ukishalala siku chache kwa utaratibu huo, nitafurahi kusikia maoni yako.

Nisalimie wote. Msalimie karani wako, mwambie chai asiiweke karibu na dirisha. Msalimie karani wa Makamu, na Makamu mwenyewe kama yupo. Msalimie dereva, ambaye anaendesha vizuri sana na kwa kasi. Msalimie mfagiaji wa ukumbini na yule bwana wa ua wa shamba. Zaidi msalimie mkeo, ambaye simfahamu lakini namfikiria. Mume wangu pia anawasalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Anadhani napiga hesabu za mapazia.

Ni mimi, ninayezunguka kwa heshima,
Bi Harusi wa Kiunoni,
mke wa fundi viatu wa langoni.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imefungwa kwa gundi ya viatu na inasubiri stempu, mlango wetu ulipogongwa asubuhi. Kufungua, namkuta mlinzi wa Kiunoni, meza ya mume wangu kichwani. Nyuma yake mlinzi mwenzake amebeba mwavuli wa buluu na kile chuma. Buti za yule wa kwanza zilikuwa zimefumuka mbele, vidole vyote vinachungulia nje kama watoto dirishani. Akasema, "Shemeji, sheria ni sheria. Lakini na miguu ni miguu."

Kumbe, Ndugu Mkuu, tangu mshale uwekwe hakuna mwenye soli kule langoni. Walinzi wanazunguka kutwa kuwakamata wanaorudi nyuma. Wanaorudi nyuma wanaanza upya. Waliopotezana wanatafutana upande mmoja, wanazunguka mara mbili, mara tatu. Kuna dada mmoja na wifi zake waliagana kwenye kibao asubuhi, wakaonana jioni, wote peku. Na fundi aliyekuwa akiwashonea wote mmemficha ndani kwa mwaka mzima! Basi walinzi wamekubaliana kwamba katazo linasema asionekane, na wao hawatamwona.

Meza imesharudi upande wa kushoto ukiingia. Mchana nilimpelekea chakula nikakuta foleni inaanzia kwenye mwavuli, inapita kwenye kibao chako, inakwenda mpaka barabarani. Mume wangu alikuwa ameshika soli ya bibi mmoja kama mtu aliyeshika kifaranga. Alikuwa anazungumza nayo. Nilisimama pembeni nikalia, kwa kuwa langoni kusimama kunaruhusiwa.

Kwa hiyo kuhusu mshale, tafadhali usiuguse. Upakwe rangi upya, na ikiwezekana uwe mnene zaidi. Kibao nacho kibaki, hata herufi ndogo. Yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi namba nane, yasome kama salamu. Mlima Mke usisogezwe. Na kama idara ina mpango wa kuongeza mlima wa tatu kwenye mzunguko, familia yetu haina pingamizi.

Chupa mwachieni karani; tulizopewa harusini zinatosha kufungua mkahawa, na shangazi nitamtazamisha nyingine yenye maua. Kifuniko nitakileta mwenyewe. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kukutembelea ofisini, mume wangu kwa mlango wa nyuma na mimi kwa mlango wa mbele, tukutane mezani kwako. Usisumbuke kututafuta huku kwetu. Usije, tunakuja sisi. Hiyo "si" nimeiandika kwa wino mzito, upepo usije ukaichukua.